Nilimficha nesi sabuni yangu: ekzema ya binti yangu na ahadi ya miaka saba

Wakuu, salamu kutoka Kisangani, upande wa Mangobo.

Juzi mama mmoja aliuliza humu kama watoto huachana na ekzema wakikua. Majibu yalimiminika, na kila mtu alikuwa na uhakika wake. Mimi niliandika, nikafuta, nikaandika tena. Mwisho nimeona nifungue uzi wangu, maana kisa chenyewe hakiingii kwenye komenti moja.

Chumvi sitaongeza. Ningekuwa wa kuongeza, ningejiongezea sifa, na kama mtakavyoona hapa chini sifa zangu ni chache.

Kwa wasioijua, ekzema ndiyo wengine mnayoiita pumu ya ngozi. Ngozi inakauka, inawasha, mtoto anajikuna mpaka inachubuka na kutoa majimaji. Haiambukizi. Hilo lishikeni kuanzia sasa, mimi nilichelewa kulijua.

Sasa kazi yangu, kwa sababu bila hiyo hamtaelewa kitu.

Natengeneza sabuni. Mawese nanunua kwa watu wanaovuka mto nayo kutoka Lubunga. Nayapasha moto, natia soda kali, ile kostiki, nakoroga, namimina kwenye sanduku la mbao. Ikiganda naikata vipande kwa waya, kisha inakaa kwenye rafu wiki kadhaa ikauke na ule ukali wa soda upungue.

Fundi sabuni anaonja kwa ncha ya ulimi. Ikiuma sana, bado mbichi. Isipouma kabisa, wateja wa kwetu watakwambia haina nguvu. Kwa hiyo tunaitoa rafuni ikiwa bado inauma kidogo. Hiyo ndiyo inayong'oa doa la mawese kwenye shati jeupe, na hiyohiyo ndiyo watu wanayoogea.

Mwamba ngoma huvutia kwake. Mimi nilikuwa nasema hakuna uchafu unaoishinda sabuni yangu, na nilikuwa naamini kabisa.

Tuje kwa Zaina, mtoto wetu wa kwanza.

Alianza akiwa na miezi minne hivi. Mashavu mekundu, makavu, yenye vipele vidogo. Alipoanza kutembea ikahamia kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti. Usiku anajikuna, asubuhi shuka lina alama za damu. Mke wangu Mariamu alimshonea soksi za mikono ili kucha zisifike kwenye ngozi.

Ushauri ulikuja bure, kama kawaida. Jirani alisema ni gale, yaani upele ule wa kuambukizana, akawakataza wanawe kucheza naye. Mama yangu alisema kuna nyama ambayo ukoo wetu hauli, na Mariamu aliila akiwa na mimba. Mariamu aliikumbuka kauli hiyo muda mrefu, na nisingemlaumu.

Mimi nilisema ni uchafu wa joto, dawa yake ni kuoga.

Basi tukamwogesha. Mara mbili kwa siku, siku nyingine tatu, kwa sabuni yangu, na kile kipande cha wavu wa kusugulia. Nilimchagulia hata vipande vikali zaidi kwa makusudi. Mtoto analia, mimi najiambia dawa lazima iume.

Kuna wakati shemeji yangu alileta tyubu ya krimu kutoka madukani Makiso, katikati ya mji. Siku tatu tu, ngozi ikawa safi. Nilifurahi, nikawatangazia watu. Tulipoiacha, ikarudi kwa hasira zaidi kuliko mwanzo, na palipopakwa pakabaki peupe. Baadaye ndipo nikaambiwa kwamba nyingi ya krimu zile wanazojichubulia watu zina dawa kali, na mtoto hapakwi bila kupimiwa.

Lakini kwenye hizo purukushani zote, sentensi moja ilikuwa inatupa nguvu. Kila mtu aliisema. Itaisha akikua.

Wengine walisema miaka miwili. Ikapita. Wengine mitano. Ikapita nayo. Mama yangu akasema, tena kwa uhakika, saba. Kaka yangu mmoja alikuwa nayo utotoni na ilimwachia kwenye saba.

Na mimi nikaenda kumwambia Zaina.

Alikuwa amerudi shuleni analia. Kwenye mchezo wa kushikana mikono duara, msichana aliyekuwa pembeni yake alikataa kumshika, akasema "Iko na gale." Duara lilifungwa bila yeye. Nikampakata, nikamwambia akifika miaka saba itaisha yote, haitabaki hata moja.

Akaacha kulia. Akaanza kuhesabu.

Wakuu, msimwahidi mtoto tarehe. Zaina alikuwa anajua miezi iliyobaki kuliko mimi ninavyojua ya kodi ya nyumba.

Ilipobaki kama miezi minane, Mariamu alichoka kusubiri, akasema twende kituo cha afya. Tukaenda. Nesi alikuwa mama mtu mzima, tulimwita Mama Régine. Alimshika Zaina bila kinga yoyote mkononi, akamwangalia viwiko, magoti, shingo. Kisha akauliza: "Munamuoshaka na sabuni gani?"

Nyuma yangu kwenye benchi walikuwa wamekaa wanawake watatu na watoto wao. Wawili ni wateja wangu. Mmoja wao alikuwa amenunua kwangu wiki hiyohiyo.

Nikajibu: "Ile ya dukani. Ya bebe."

Mariamu alinigeukia. Mama Régine aliandika kwenye fishi, ile kadi ya mgonjwa, akatupa mafuta ya kupaka na krimu ya dawa kidogo, akatuambia turudi. Njiani Mariamu aliniuliza kwa nini nimedanganya. Nilimjibu kwamba sabuni hiyo ndiyo inayotulisha. Siku mbili hakunisemesha zaidi ya salamu.

Tukarudi nyumbani, tukaendelea vilevile. Tunapaka mafuta, halafu namwogesha kwa sabuni yangu. Mama Régine alishangaa kila tulipokwenda. Alibadilisha hiki, akaongeza kile. Angefanyaje, wakati mgonjwa alikuwa ameletwa na baba mwongo?

Hiyo ni miezi minane ya mwanangu. Naiandika hapa wazi kwa sababu kila nikisoma watu wakisema "tulijaribu kila kitu", najiuliza kama kuna mwenzangu.

Siku ya kutimiza miaka saba ikafika.

Mimi nilikuwa nimeisahau, kusema kweli. Yeye aliamka kabla yetu. Nilitoka nje nikasikia maji bafuni, lile letu la mabati nyuma ya nyumba. Nikamwita, akaitika kwa sauti ya mtu anayejikaza.

Nilipofungua, alikuwa amechuchumaa, ana ule wavu mkono mmoja na sabuni mkono wa pili. Viwiko vilikuwa vinavuja damu. Nyuma ya magoti vilevile. Na sabuni aliyoshika niliitambua kwa rangi. Nilikuwa nimeikata jana yake tu. Ilikuwa bado mbichi.

"Zaina, unafanya nini?"

"Papa, leo njo saba," akasema. "Nilitaka itoke yote. Ulisemaka sabuni yako inaondoaka yote."

Nilimnyang'anya ile sabuni. Sijui kwa nini, labda ni mazoea ya kazi, niligusisha ulimi. Iliniuma mpaka machozi yakanitoka. Na mimi niligusa kidogo tu, tena kwa ulimi usio na kidonda.

Nilimmwagia maji safi, ndoo baada ya ndoo. Mariamu alikuja mbio na kitenge. Nikasimamisha moto, yaani pikipiki ya abiria, iliyokuwa inapita, tukapanda wote watatu mpaka kituo cha afya.

Benchi lilikuwa limejaa, na wateja wangu walikuwepo. Sasa sikuwa na nguvu ya kuwaangalia. Nilisema nikiwa nimesimama, kila mtu anasikia:

"Mama, nilikudanganya. Tunamuoshaka na sabuni yangu, ile natengenezaka mwenyewe. Na leo ameoga na ya jana."

Mama Régine hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alimsafisha Zaina taratibu kwa maji mengi, akamfunga, akarudi kwenye fishi yake na kukata kwa mstari pale alipoandika ile ya dukani.

"Bon," akasema. "Sasa tunaweza kuanza."

Akatueleza. Sabuni yangu haikumpa Zaina ekzema, ngozi yake ilizaliwa hivyo, inapitisha maji na haishiki mafuta. Ila kila siku nilikuwa naondoa kile kidogo inachojitahidi kujiwekea. Aoge mara moja kwa siku, haraka, maji ya uvuguvugu. Wavu tuutupe. Sabuni laini, na iguse tu palipo na uchafu. Akitoka, tumfute kwa kugusagusa bila kusugua, na mafuta mazito apakwe papo hapo ngozi ikiwa na unyevu. Krimu ya dawa ni ya siku mbaya tu, kwa kipimo chake. Kucha fupi. Nguo za pamba. Ikianza kutoa usaha au akipata homa, tusikae nyumbani, tuje.

Nikamuuliza swali lile la huyu mama wa juzi. Ataiacha akikua?

Alisema wengi inawapungua, wengine inawaachia kabisa, wengine inalala na kuamka ukubwani, na kuna ambao wanazeeka nayo. Huyu yuko kundi gani, hakuna anayeweza kuniambia leo, na atakayeniambia anabahatisha.

Safari ngumu ilikuwa ya kurudi nyumbani. Nilijua lazima niirudishe ile ahadi. Nilimkalisha Zaina kwenye kiti, mikono imefungwa bandeji, nikachuchumaa mbele yake.

"Ile ya miaka saba," nikamwambia, "mi nilisema tu. Sikujua."

"Itaisha siku gani?"

"Sijui."

"Koko anajua?" Yaani bibi yake, mama yangu.

"Koko naye hajui."

Nilidhani atalia, nilikuwa nimejiandaa. Mimi ndiye niliyekuwa karibu kulia. Alitazama zile bandeji, akazigeuza upande huu na huu.

"Bon," akasema. "Leo tunapaka?"

Nikamwambia ndiyo, leo tunapaka.

Sasa ana miaka tisa. Mashavu ni safi kabisa. Viwiko vinaweza kukaa miezi bila kitu. Nyuma ya magoti inarudi kila joto likizidi na jasho, kisha tunaituliza. Anajipaka mwenyewe, ana kikopo chake cha vazelini kwenye begi la shule. Nilikwenda kuongea na mwalimu wake, akawaeleza watoto kwamba haiambukizi. Hawakubadilika wote siku hiyo, lakini duara lilifunguka.

Sabuni bado natengeneza. Siku hizi naiacha rafuni muda mrefu zaidi, na soda napima. Wapo wateja waliohama wakisema imekuwa laini, na wapo waliohama kwa yale waliyoyasikia pale kwenye benchi. Siwalaumu. Kila mama akija na mtoto mgongoni namwambia ni ya nguo na vyombo, ya mtoto hapana.

Somo langu mimi ni hili. Watu wanauliza kama mtoto ataacha, na mimi nilijificha miaka saba nyuma ya swali hilo. Nikiamini itaisha yenyewe, sikuwa na haja ya kujiuliza mimi mwenyewe ninafanya nini kila asubuhi. Ukienda kwa nesi, sema yote, hata linalokuaibisha. Mficha uchi hazai, wazee walishasema.

Mwezi uliopita alikuja mama mmoja kijana kununua sabuni. Mtoto wake ana mashavu mekundu, anayasugua kwenye bega la mama yake. Alivyonitazama nilimjua, ule uso nimeuona kwa Mariamu. Ananiuliza kama itamwachia mtoto, karibu ananiomba. Na mimi, baada ya yote haya, nilishafungua mdomo kumwambia usijali dada, itaisha akikua.

Zaina alikuwa mlangoni anaandika kazi ya shule. Hakuinua hata kichwa.

"Papa," akasema, "si hujui."

Nikafunga mdomo. Kisha nikamwambia yule mama ninachokijua.

Wakuu, uwanja ni wenu. Hasa nyinyi mlioipata ekzema utotoni na sasa ni watu wazima: iliwaachia, au mnaishi nayo? Na wazazi, kuna kitu mlimficha daktari? Msione haya, mimi nimeshatangulia.