Nikarete Alipoketi Madhabahuni

Kijijini kwetu, nyuma ya vilima vya Athene, Nikarete ndiye aliyetunza madhabahu ya Demetra, mungu wa nafaka. Alikuwa mjane, akiishi kwa shemeji yake Lisania, maana kwetu mwanamke hana neno mbele ya sheria bila mwanamume wa kumsimamia. Chakula, mavazi, hata ruhusa ya kutoka nje, vyote vilikuwa mkononi mwa Lisania.

Msimu wa kupanda ulipokaribia, kijakazi wa nyumba hiyo, Thrata, alikimbilia madhabahuni, mgongo umechanika kwa mijeledi ya Lisania. Aliyeshika madhabahu haondolewi kwa nguvu. Lisania alilijua hilo, basi akaweka walinzi njiani wazuie maji na chakula.

"Shemeji, mbembeleze atoke," alimwambia Nikarete. "Mwambie nimeapa sitamgusa."

"Umeapa kweli?"

"Wewe sema tu. Au unataka kulala nje?"

Nikarete alikuja kwangu, mimi jirani yake, akaketi jikoni akitafuna ncha ya mtandio.

"Nikimdanganya, nimemuua. Nikimtorosha, watamkamata hapo hapo bondeni. Nikinyamaza, atakufa kiu. Nimebanwa, dada."

"Kaka yako anayeshinda na wanafalsafa mjini anasemaje?"

"Anasema wema unakaa kati ya woga na ujasiri wa kipumbavu. Nyumba gani, hakunielekeza."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Asubuhi ya sadaka ya kufungua kilimo, ambayo yeye ndiye huitoa, alipita mbele ya walinzi na mtungi kichwani. Nani angezuia maji ya mungu? Akamnywesha Thrata. Wanaume walipofika na ng'ombe wao wa kulimia, walimkuta ameketi chini kando ya kijakazi, ameshika tawi la mzeituni kama waombao hifadhi.

"Inuka, mama! Mvua hiyo inakuja, na hatulimi bila sadaka!"

"Mimi nami naomba. Huyu auzwe kwa bwana mwingine, kama desturi inavyomruhusu. Akiuzwa, nitainuka papo hapo."

"Wanawake hawa!" Lisania akacheka. Hakuna aliyecheka naye.

"Lisania," jirani mmoja akafoka, "watoto wetu watakula mijeledi yako?"

Kabla ya adhuhuri mfinyanzi wa kijiji cha pili alimnunua Thrata. Akaondoka nyuma ya bwana mpya, bado mtumwa, lakini hai. Nikarete akainuka, akatoa sadaka, na majembe ya ng'ombe yakaingia ardhini.

Jioni Nikarete alirudi nyumba ileile, kwani hakuwa na nyingine. Tangu hapo kazi zote za Thrata zikawa zake, na hata kisimani hakuruhusiwa kwenda. Siku moja nilinong'ona dirishani, nikamuuliza kama anajuta.

"Sijuti," alisema, bila kuacha kusaga shayiri. "Ila nenda, asikukute hapo."