Mashine ya Mkonge Ndani ya Wimbo Wetu

Rafiki yangu alikuwa fundi wa vipaza sauti hapa Voi. Makanisa yalimwita spika zikianza kukwaruza, na wenye matanga walimwita kwa sababu hiyo hiyo. Tulijuana katika duka la dawa za mifugo nilikoajiriwa, siku aliyokuja kununua dawa ya kuku wa mama yake. Jua lilikuwa utosini na yeye amevaa koti refu jeusi la mitumba, jasho linamtiririka shingoni. Visikizi vyake vilivuja sauti mpaka kwenye kaunta. Nilimuuliza anasikiliza nini. Alinipa kisikizi kimoja.

Ilikuwa ngoma inayopigwa kama nyundo juu ya chuma, na juu yake mwanamume akiimba polepole kwa sauti ya chini, kama anayesoma majina ya marehemu. Wateja walikuwa wananingoja. Mimi nililelewa Sagalla, mlimani juu ya Voi, mama yangu akiongoza kwaya ya kanisa, na nyimbo za mazishi nilizijua kabla sijajua kusoma. Wimbo ule ulikuwa wa watu wa ng'ambo, waliojipaka wanja kwenye picha ya simu yake, lakini mwendo wake niliutambua. Ni mwendo wa watu waliobeba jeneza kwenye njia ya mlima, wanaoogopa kuteleza.

Aliniambia huo unaitwa muziki wa goth, na kuna ndugu yake aitwaye industrial, muziki unaotengenezwa kwa kelele za mitambo. Akasema watu wanadhani ni muziki wa Wazungu wenye huzuni ya kununua, ilhali sisi huzuni tunayo ya bure.

Tulianza kuupiga muziki huo wawili, tukawa watatu. Wa tatu alikuwa binti wa familia ya Kiislamu ya mjini, ambaye bibi yake aliwahi kuimba taarabu kwenye harusi. Alikuwa na sauti inayopanda kwa kuzungukazunguka, haifiki juu moja kwa moja. Siku ya kwanza alitukuta tukibishana juu ya bei ya viatu vyeusi sokoni, akacheka. "Nyinyi mwahangaika na mitumba," alisema, na kulishika buibui lake. "Mimi vazi ninalo tangu nilipovunja ungo."

Tulikodi chumba nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma, ili kelele zetu zijifiche ndani ya kelele nyingine. Tuliziba dirisha kwa godoro kuukuu. Joto lilikuwa la tanuri. Mimi nilipiga kinanda, nilichojifunza kanisani, na kila nilichopiga kilitoka kama wimbo wa kumsindikiza maiti. Yule binti aliweka taarabu yake juu. Rafiki yangu alikuwa na nyatiti, ala ya Kijaluo ya nyuzi nane, ambayo baba yake alikuja nayo kutoka magharibi alipofuata kazi kwenye shamba la mkonge. Aliipitisha kwenye mashine zake za kugeuza sauti mpaka ikanguruma kama mnyama aliyenaswa. Vitu hivyo vitatu havikupatana kwa muda mrefu. Kila mmoja wetu aliona mwenzake anaharibu.

Kilichovipatanisha ni korona. Ndivyo wafanyakazi wa mkonge wanavyoiita mashine ya kukamua majani, tangu zamani kabla ya ule ugonjwa. Jani linaingia upande mmoja likiwa kijani, linatoka upande wa pili likiwa nyuzi. Miaka mingi nyuma korona ilivuta mkono wa kulia wa baba yake rafiki yangu pamoja na jani, ikaula mpaka karibu na kiwiko. Mzee alipewa kazi ya ulinzi langoni, na nyatiti ikatundikwa ukutani.

Rafiki yangu alikwenda kiwandani na simu yake akairekodi mashine hiyo. Aliporudi na kuiweka chini ya kinanda changu, tuliacha kubishana. Kinanda kilipata kitu cha kuogopa. Sauti ya binti ikawa kama ya mtu aliye upande wa pili wa ukuta, anayejua kinachotokea na hawezi kufika.

Tulifanya onyesho mara moja tu, Jumamosi moja alasiri, katika ukumbi wa kukodisha. Walikuja wanafunzi wa chuo, vijana wa bodaboda waliotaka kucheka, na watu wachache waliodhani ni mkutano wa injili. Katikati ya wimbo nilimwona Mzee amesimama mlangoni na sare yake ya ulinzi, mkono wa shati umekunjwa na kufungwa pini. Hatukuwa tumemwalika. Korona ilipoingia alikuja mbele, akipita kati ya viti bila haraka.

"Zima," alimwambia mwanawe.

Rafiki yangu alizima. Vijana wa bodaboda waliacha kucheka. Mzee aliitazama spika, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hiyo mashine naisikia kila siku nikifumba macho. Nilidhani iko kichwani mwangu peke yangu."

Alikaa kwenye kiti cha mbele, akamwambia mwanawe aendelee. Tuliumaliza wimbo. Tangu hapo, akiwa hana zamu, alikuja karakanani na kuketi juu ya ndoo iliyogeuzwa. Wakati mwingine alimkosoa mwanawe namna ya kuzigusa nyuzi.

Lakini watu wa mjini walikuwa na maneno. Mhubiri mmoja mwenye kipaza sauti alitutaja karibu na stendi kuwa tunamwabudu shetani. Mvua ilikuwa imekosa kunyesha Sagalla kwa misimu kadhaa, wanawake wanashuka na punda kutafuta maji, na jirani mmoja akamwambia mama yangu kwamba laana ina mlango na mlango ni mimi. Mama alinipigia simu akaniuliza kama ni kweli. Nilimwambia tunaimba habari za kifo. Akasema hata yeye ameziimba maisha yake yote, lakini zake zimewekewa Ufufuo mwishoni. Aliniuliza mwishoni mwa nyimbo zetu kuna nini.

Rafiki yangu alifariki kwenye barabara kuu ya Mombasa, asubuhi kweupe, akiwa amebebwa kwenye bodaboda pamoja na spika ya kanisa aliyokuwa anairudisha. Lori lililokuwa linapita jingine liliwagonga. Dereva wa bodaboda alivunjika mguu, akapona. Kufikia jioni mji mzima ulishasema kwamba tumemtoa kafara. Mwenye karakana alituwekea vyombo vyetu nje, nyatiti ikiwa juu ya rundo la vyuma chakavu.

Kabla ya mwili kusafirishwa magharibi kwenda kuzikwa, uliletwa kwenye nyumba za wafanyakazi shambani. Tulikwenda mimi na yule binti, tumevaa nyeusi, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyetutazama mara mbili. Mzee alituita kando. Alitaka wimbo wenye korona upigwe. Binti alimwambia, "Baba, watu watatuonaje leo?" Alijibu kuwa watu walikuwa wakituona vibaya hata jana.

Tuliupiga kwa spika alizokuwa amezitengeneza marehemu mwenyewe. Mashine ilipoanza kunguruma wafanyakazi walitazamana, maana waliijua. Mchungaji alisimama akasema hii si heshima kwa maiti, na izimwe. Mzee hakuinuka kitini. "Mwanangu alikuwa fundi wa kelele," alisema. "Mwacheni aondoke nazo."

Mchungaji alikaa. Binti aliimba, na alipofika pale sauti inapozunguka, mama wa marehemu aliinuka akaanza kulia kwa kuimba, kwa lugha yao, akimwita mwanawe na kumuuliza mambo. Wanawake wengine wakamfuata. Hawakufuata mapigo yetu, na sisi hatukujaribu kuwafuata. Baadhi ya waombolezaji waliondoka wakitema mate. Kisha jeneza likapakiwa.

Mzee hakurudi Voi. Aliacha kazi, akabaki na nyatiti yake nyumbani kwao karibu na kaburi. Yule binti aliolewa Mombasa mwaka uliofuata. Nilipompigia aliniambia haimbi tena hata jikoni, na aliomba nisimuulize sababu. Mimi bado nauza dawa za mifugo. Jumapili nyingine napanda Sagalla kumpigia mama kinanda, kwa sababu mpigaji wao alihamia Nairobi, na waumini wananivumilia.

Mwezi uliopita Mzee alinipigia simu. Sauti yake imekuwa nyembamba. Alisema nyatiti imekatika nyuzi na huko hakuna wa kuzifunga, na yeye kwa mkono mmoja hawezi, halafu akaniuliza kama ninatengeneza wimbo mwingine. Nilimwambia sijaweza tangu mwanawe aondoke.

"Basi kaa tu," alisema. "Mimi pia nimekaa."