Samadi Nyeupe

Februari ikiisha, Maskati hupata wiki chache za rehema kabla ya joto, na bustani yetu ya Khuwair ya Kusini hutaka kulishwa wakati huo. Nyanya zinaanza kubeba, mabilingani yanatoa maua, mwasumini wa mama unajaa vitumba. Mwaka ule vitumba vilikuwa na kazi: arusi ya binti yangu ilibakiwa na wiki tatu, na mama alimuahidi kikuba cha asumini za nyumbani, kishada cha kujipamba siku hiyo.

Mama alikuwa kijiji cha Bustan, kwa dada yake. Akanambia kwa simu, "Tia samadi, konzi mbili kila shina, kisha umwagie." Stoo nikakuta gunia limeandikwa "samad" kwa Kiarabu. Nikaanza na mwasumini. Mboga nikaziacha kwa kesho yake.

Kesho yake mama alirudi, akainama shinani.

"Nini hivi vyeupe?"

"Samadi, mama. Si umenambia mwenyewe?"

"Samadi gani kama chumvi? Samadi mavi ya mbuzi, mtoto we!"

Mama alisema Kiswahili, mimi nikasoma Kiarabu, ambacho huita mbolea yoyote samad, hata hii kali ya dukani ambayo kijiko kimoja kingetosha. Majani yalikuwa yameshaanza kuungua pembeni.

Yakikukuta haya, usikate tamaa. Zoa punje zote pamoja na udongo wa juu. Mwagia maji mengi, polepole, uyaache yashuke, urudie tena na tena, ili ule ukali uteremke chini ya mizizi. Tulifanya hivyo mpaka adhuhuri. Majani yakazidi kulegea.

"Mizizi imeungua, haiwezi kulisha vyote," mama akasema. "Lete mkasi."

"Na kikuba?"

"Ukitaka maua, utaukosa mti. Kata."

Nikakata kila tawi lenye kitumba. Binti yangu, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaingia ndani.

Kila asubuhi nilikwaruza gome kwa ukucha. Ukiona kijani chini yake, mti u hai. Siku saba niliona kahawia tu, kila siku chini zaidi. Siku ya nane nikakwaruza karibu kabisa na ardhi: kijani, tena kibichi.

Nikamwita mama. Akakwaruza na yeye, asiamini ukucha wangu.

"Umepona," akasema. "Asumini tutanunua sokoni. Lakini wakwe wakiuliza, zimetoka hapa."