Sikusoma Sheria kwa Kupenda Haki

Nilijiunga na chuo kikuu binafsi mjini Shinyanga, kusomea sheria, nikiwa na miaka arobaini na sita. Siku ya kwanza darasa zima liliniamkia shikamoo, likidhani mimi ndiye mhadhiri. Walipouliza kwa nini nasoma katika umri huu, nilisema napenda haki. Nilidanganya. Nilitaka kumwona mtu mmoja akiaibika hadharani.

Mtu huyo alikuwa mtendaji wa kijiji chetu, upande wa Geita. Miaka kumi nyuma alimpa shemeji yake shamba la mama, na shemeji huyo akachimba maduara, yale mashimo ya dhahabu, katikati ya mihogo. Mama alipolalamika alionyeshwa muhtasari wa mkutano wa kijiji ulioridhia jambo hilo, na karatasi ya majina yenye dole gumba lake. Mkutano huo hakuukumbuka. Kwetu karatasi ya serikali ikipita, mtu anatia dole tu, asije akaitwa mkaidi.

Nilipanga kusubiri hadi niwe wakili. Muhula wa pili, mhadhiri aligusia kwamba kwenye baraza la ardhi la wilaya mtu anaweza kuwakilishwa na ndugu yake. Sikusikia alichosema baada ya hapo. Mwezi haukuisha kabla hatujafungua shauri.

Nakala ya karatasi ile niliisoma upya, safu kwa safu. Kichwa chake kilikuwa kimekatwa kwa mkasi, lakini mbele ya kila jina palikuwa na tarakimu. Kwa mama, kumi na nne. Nikamuuliza alikuwa na nini kumi na nne.

“Ng'ombe,” akasema. “Siku ile ya chanjo, tulipotia dole.”

Barazani nilimwamkia mtendaji kwa heshima zote, kisha nikamuuliza tarakimu zile ni za nini.

“Umri wa wahudhuriaji.”

“Basi, mzee wangu, mama yangu alikuwa na miaka kumi na minne. Mimi mwanawe nilikuwa na thelathini na sita.”

“Na jirani yake hapo kwenye karatasi ana mia mbili,” mwanamke mmoja akasema nyuma yangu. “Ndiyo maana hafi.”

Watu walicheka. Mimi nilimtazama mtendaji akijifuta jasho, nikamwongezea swali, na jingine, ingawa lile la kwanza lilitosha.

Shamba lilirudi, na mashimo yake. Mtendaji akamtuma mkewe kwa mama kuomba yaishe, na mama akampikia ugali.

“Baba, umeshinda,” mama aliniambia, mgeni alipoondoka. “Mwache mzee wa watu.”

Nilimwambia nimesikia. Asubuhi nilipanda bodaboda hadi polisi, nikaandikisha maelezo kuhusu kughushi nyaraka. Askari aliniuliza mtuhumiwa ni nani kwangu. Nikasema ni jirani.