Nilitoa kaseti zangu nipate "gemu zote kwa mwezi": yaliyonikuta Tandika

Wakuu, za mchana.

Nimesoma mabishano ya vijana humu kuhusu hizi subscription za gemu, unalipia mwezi unacheza kila kitu. Mmoja kaandika kwamba kununua gemu siku hizi ni ushamba.

Nikacheka, halafu nikakasirika. Sentensi hiyohiyo niliambiwa uso kwa uso, Tandika, miaka ya tisini, wengi wenu hamjazaliwa. Chumvi sitatia, maana ilivyotokea inatosha.

Mie shule niliiacha mapema. Sikufukuzwa, nilikuwa nachoka tu kukaa. Wiki hii nabeba mizigo Buguruni, wiki ijayo niko kwa fundi redio namsumbua na maswali, akinichoka nahama. Nilikuwa nalala kwa shangazi.

Enzi hizo bidhaa za nje zilikuwa zimeanza kumiminika. Mjomba alikuwa akienda Unguja kufuata redio, safari moja akaniletea mashine ya gemu na kaseti tatu.

Kwa wadogo zangu: gemu ilikuwa ndani ya kaseti ya plastiki, unaichomeka juu ya mashine.

Mbili zilikuwa za kawaida. Ya tatu ndiyo ilinichanganya. Mtu anazunguka nchi nzima, misitu na mapango, anatafuta vipande vya taji lililovunjika. Kaseti yenyewe inatunza ulipofika, kwa jina lako. Ukizima leo, kesho unaendelea.

Maandishi yote Kiingereza, na changu kilikuwa cha kumsalimia mwalimu. Nikawa nanakili maneno nampelekea mpangaji mwenzetu, karani. "Braza, 'beneath' maana yake nini?" Neno hilo moja, kumbe ni 'chini ya', lilinikwamisha pangoni wiki nzima.

Nikafika mahali nimebakiza kipande kimoja tu cha taji. Nilitaka kuona mwisho wake kuliko nilivyotaka kazi. Shangazi alilijua hilo na hakulipenda.

Ndipo akaja Beka.

Beka alikuwa jirani, kaka wa mtaa, ana sebule ya mbele aliyoigeuza kibanda cha gemu. Zamani ulikuwa unalipia kila mchezo. Yeye akaja na wazo jipya: lipa mara moja, ingia mwezi mzima, cheza kaseti zote.

"Dogo, wewe una kaseti tatu, mie nina kabati zima," akaniambia. "Kung'ang'ania vyako ni ushamba. Lete mashine, lete kaseti, uwe mwanachama wa kudumu. Hulipi maisha."

"Na gemu yangu ya taji?"

"Si itakuwa hapahapa? Inaenda wapi?"

Nikabeba kila kitu nikampelekea. Shangazi alikuwa kaenda msibani. Angekuwepo, Beka angekimbia.

Nimpe haki yake: wiki za mwanzo zilikuwa raha tupu. Niliona gemu ambazo maisha yangu yote nisingezinunua. Vijana wasio na kitu nyumbani walishika pedi ya kuchezea kwa mara ya kwanza. Hilo silikatai, na leo pia silikatai.

Tatizo lilikuwa sheria ya mtaa. Kila kibanda Dar kilikuwa nayo: anayefungwa anatoka, anayeshinda anabaki. Zamani sheria ile ilikuwa sawa, kwa sababu anayefungwa ndiye aliyelipa. Beka anakula kwa wafungwaji, na mfungwaji akichoka anaweka hela ya gemu ya mtu mmoja, anaachiwa mashine.

Kwenye kulipia mwezi sheria ikabaki ileile. Hakuna aliyefikiri kuibadilisha, hata mimi mpenda kuuliza.

Kulikuwa na jamaa anaitwa Chogo. Kwenye gemu ya ngumi hafungiki. Anafika asubuhi na kikombe chake cha chai, anakaa. Sisi wengine tumejipanga nyuma, dakika moja kila mtu, chali, unarudi mwisho wa foleni.

"Chogo, pisha na wenzio, nyie ndo mnaua starehe."

"Nitoe basi. Nikitolewa natoka. Pedi si umeshika?"

"Sie tumelipa kama wewe!"

"Mmelipa kuja kuniangalia."

Watu wakacheka, wengine wakaanza kununa. Nikamfuata Beka, nikamwambia mie gemu yangu ni ya mtu mmoja, inahitaji muda. Akajibu bila kuinua kichwa: "Dogo, mie nimeuza mlango, sijauza pedi."

Hapohapo mgawo wa umeme ukaanza. Mwezi unakwisha, umeme haupo, Beka anasema mwezi ni mwezi.

Sasa hesabu ya biashara yenyewe, wakuu, ndiyo inayonikera hadi leo. Waliombeba Beka ni wale wanaolipa na hawachezi. Hao ndio walioondoka kwanza. Waliobaki ni akina Chogo, wanaotumia mashine kutwa kwa malipo yaleyale. Pedi zikachoka, hakuna cha kuzitengenezea.

Beka akaona dawa ni kutafuta wanachama wapya. Akafungua kibanda cha pili Buguruni. Kaseti za kule akazitoa wapi? Kabatini kwetu. Nikaingia siku moja nikakuta gemu ya taji haipo.

"Iko Buguruni," Beka akasema. "Nenda kacheze kule, uanachama wako unafika."

Nikaenda kwa miguu. Kaseti nikaikuta kweli, imekaliwa na jamaa wawili. Nikaomba niangalie tu nilipofika. Jina langu halikuwepo.

"Nani kafuta?"

"Zile nafasi za kutunzia zilikuwa zimejaa, braza," mmoja akanijibu, macho kwenye TV. "Tukafuta tuanze. Kwani yako hii?"

Swali zuri.

Shangazi alipopata habari alinishika mkono tukaenda kwa Beka.

"Shikamoo mama," Beka akaanza.

"Marahaba. Vitu vya mwanangu viko wapi?"

"Mama, alikuwa anaingia bure..."

"Nimekuuliza anaingiaje?"

Ikaonekana kibanda cha Buguruni kimeshakufa pia, na kaseti karibu zote kaziuza kwa mtu wa Morogoro, ya taji ikiwemo. Alichoweza kurudisha ni mashine yangu, pedi moja, na kaseti ya ngumi. Gemu ya kupigana watu wawili, pedi moja. Shangazi akaguna tu. Mie nikabeba pedi yangu.

Taji lile sikuliona tena popote, na nimetafuta.

Nilichojifunza: kulipia mwezi si ubaya kwa mtu wa kuonja huku na huku. Lakini gemu unayoipenda, inayotaka muda wako na akili yako, nunua, iwe yako. Mwenye kibanda akibanwa hatakuuliza umefika wapi. Ataondoa, atahamisha, atauza. Na kabla hujaingia, muulize wakiondoka wale wasiocheza nani atamlipia umeme.

Nyie wa siku hizi, kuna aliyeondolewa gemu yuko katikati? Walikwambia nini? Na wewe uliyesema kununua ni ushamba, karibu hapa chini. Siku wakifunga hiyo huduma yako, utarudi nyumbani na nini? Mie angalau nilirudi na pedi.