Nyumba Iliyokatazwa Wembe

Harufu ya samli iliyochacha ndani ya ngozi kavu inanikasirisha mpaka leo. Baba alikuwa na mkanda mpana wa ngozi ya ng'ombe, ameupigilia msumari kwenye mwimo wa mlango, na kila Jumamosi asubuhi aliupaka samli kidogo kwa kidole gumba, akauvuta ukakaza, kisha akapitisha wembe wake kwenda na kurudi, mpaka sauti ya mkwaruzo ikalainika ikawa kama mtu anayenong'ona. Ulikuwa wembe wa kukunja, mpini wake wa pembe nyeusi. Aliupata Buganda, alikokwenda ujanani kulima kahawa ya watu. Wanaume wengine kijijini walinyoa kwa viwembe vya dukani, duka la kijiji lilipokuwa navyo, na mara nyingi halikuwa navyo. Wembe wa baba haukuhitaji duka. Ulihitaji samli, ngozi, na mkono uliotulia.

Kijiji chenyewe nilikichukia tangu siku ya kwanza. Tulihamishiwa pale wakati wa operesheni ya vijiji, kutoka kwenye migomba yetu iliyokuwa upande wa pili wa kilima, huko Ngara karibu na Keza. Kule zamani kila nyumba ilijificha ndani ya shamba lake, na jirani ulimjua kwa kikohozi kabla ya kumwona. Huku nyumba zilipangwa mistari kama madawati darasani, mlango ukitazamana na mlango. Mlango wetu ulitazamana na wa Mama Skola, mjane aliyekuwa na roho nzuri na macho yasiyopumzika. Ukipika maharage bila chumvi, anajua. Ukigombana na mkeo, anajua aliyeanza. Simlaumu yeye kwa yaliyotokea. Namlaumu aliyechora ile mistari, na ninajilaumu mimi, maana nilijua ninachofanya, na sitaki msomaji afike mwisho akidhani nilikuwa mtoto asiyeelewa.

Aliyemnyoa baba alikuwa kaka yangu Evarist, mtoto wa kwanza. Baba aliweza kujinyoa mwenyewe, lakini tangu Evarist alipopata mkono mzuri hakujisumbua tena. Alikaa kwenye kigoda uani, akafumba macho, akamwachia mwanawe shingo. Mimi nilishika bakuli la maji ya moto na kutazama. Evarist aliivuta ngozi kwa vidole vya mkono wa kushoto, akaulaza wembe karibu ulale kabisa, mgongo wake ukikaribia shavu, akaenda nao kwa hatua fupi kufuata ndevu zinakoelekea. Kazi ilipokwisha, alinigeukia na kunifundisha mimi, si kwenye uso wa mtu, bali kwenye mumunye changa. Mumunye likiwa bado dogo huwa na vinyweleo laini juu ya ganda lake la kijani, na ganda lenyewe ni jepesi kama ngozi ya mtoto. Ukikosea kidogo tu linatoa utomvu.

"Wembe hausukumwi, unaachwa uteleze," aliniambia. "Ukijiona unausukuma, ujue umeshakosea. Na usiuburuze kwa ubavu hata siku moja. Huko si kunyoa, ni kuchinja."

"Nitanyoa mamumunye mpaka lini?"

"Siku utakapomaliza moja bila kulichubua, nitakupa kidevu."

"Kidevu cha nani?"

"Chako. Changu bado nakipenda."

Mama alilalamika kwamba tunamharibia mboga, lakini aliyapika yote, yaliyochubuka na yasiyochubuka. Mwanzoni yalitoka kwenye mikono yangu yamechanjwa kama yameng'atwa na panya. Baadaye yakaanza kutoka mazima. Siku nilipomletea Evarist mumunye linalong'aa, halina mchubuko hata mmoja, alilizungusha mkononi, akalinusa, akasema lilikuwa na bahati kwa sababu halina kinywa cha kulalamika. Akaniahidi kidevu Jumamosi itakayofuata. Kabla ya Jumamosi hiyo vita vya Kagera vilikuwa vimeanza, na vijana wa mgambo waliambiwa wajiandae. Evarist alikuwa mgambo. Asubuhi ya kuondoka baba alijipapasa mashavu, akauliza, kama anatania, sasa nani atamnyoa.

"Mimi, nikirudi," Evarist akasema. "Usimpe Didasi, mzee. Atakutoa kidevu chote."

Baba akacheka, meno yote nje. "Basi nitakungoja wewe."

Kauli ile ya kutania ndiyo iliyotufunga. Vita vilikwisha. Vijana wakaanza kurudi, wa Mugoma wakarudi, wa Bugarama wakarudi, na kila walipopita watu waliwapokea kwa nyimbo na rubisi, pombe yetu ya ndizi. Wa kwetu walirudi wote isipokuwa Evarist. Waliokuwa naye walisema waligawanywa kabla ya kuvuka mpaka, yeye akapelekwa na kikosi kingine. Baba alikwenda mjini, ofisi ya wilaya, kuuliza. Akaambiwa asubiri. Akaenda tena, akaambiwa asubiri. Mwenyekiti wa kijiji alisimama mkutanoni akatushukuru wote kwa ushindi, akasema vijana wetu wamerudi salama, akaketi. Baba alikuwa amekaa safu ya mbele. Hakuna aliyenyoosha mkono kusema kwamba hesabu ile ina pengo. Hata mimi sikunyoosha.

Baba aliukunja wembe, akaufunga ndani ya kipande cha mpira wa baiskeli, akauchomeka juu kwenye paa, kati ya boriti na nyasi. Ndevu zake zikaota, zikashuka kifuani. Nywele za mama zikajaa chini ya kitambaa. Mimi na dada zangu tulipunguzwa kwa mkasi ili walimu wasitufukuze, lakini wembe haukugusa kichwa cha mtu. Anayeijua mila yetu anaelewa uzito wa jambo hilo. Kwetu nyumba yenye msiba hainyoi. Inakaa na nywele zake mpaka siku ya kumaliza matanga, na siku hiyo wote wananyolewa kwa wembe, kuanzia watoto wa kiume wa marehemu au ndugu zake, kisha maisha yanaendelea. Sisi hatukuwa na msiba, kwa kuwa hakuna aliyetuambia kwamba kuna aliyekufa. Wala hatukuwa na amani. Tulikuwa na ndevu za baba tu, zikikaa nasi mezani kila siku. Mama hakuruhusiwa kulia. Akianza kuvuta kamasi baba alimuuliza, kwa upole uliokuwa mbaya kuliko fimbo, "Umesikia habari gani ambayo mimi sijaisikia?" Mama alifuta uso na kupuliza moto.

Mwaka ule nilichaguliwa kwenda kidato cha kwanza, shule ya bweni upande wa Biharamulo. Nilikuwa nimechelewa kuanza shule, kwa hiyo nilimaliza la saba nikiwa na ndevu chache chini ya kidevu, zimesimama kama za mbuzi. Siku zile redio na walimu walitufundisha kila siku kuwachukia mabeberu, basi wavulana wa kijiji hawakuhitaji kutafuta jina la kunipa.

"Beberu huyo anapita. Mfungeni kabla hajamaliza maharage ya kijiji."

Nilimwomba baba anishushie wembe. Nilimweleza kwamba shuleni hawapokei mtu mwenye ndevu, na kwamba kichwa lazima kiwe safi.

"Kaka yako akirudi atakunyoa," alisema.

"Na asiporudi?"

Alinitazama mpaka nikaangalia chini. "Tutangoja," akasema, akachukua jembe akaenda shambani.

Hasira niliyoisikia asubuhi ile sijawahi kuisikia tena, na nimeishi miaka mingi. Nilimkasirikia baba na ndevu zake. Nilimkasirikia mwenyekiti, na watu wa mjini waliojua neno moja tu. Zaidi ya wote nilimkasirikia Evarist, aliyeniahidi kidevu. Nikapanda juu ya kigoda chake baba, nikauchomoa wembe. Sikuwa na sabuni, kwa sababu sabuni ilikuwa haionekani madukani. Sikuchemsha maji. Sikuupitisha kwenye mkanda. Nilikaa uani mbele ya kipande cha kioo na kuanza, na kila kosa nililofundishwa kulikwepa nililifanya. Niliusukuma. Niliuburuza. Kidevu kilitoa damu, kisha shavu, na badala ya kuacha nikapanda kichwani. Mbele na ubavuni nililiona ninalofanya. Kisogoni nilipapasa tu, nikaacha mashungi. Ningeweza kuishia kwenye kidevu. Kidevu kingekuwa ujana tu, mtu angenicheka yakaisha. Nilipopeleka wembe kichwani nilikuwa nasema ninachokisema, na nilikijua. Nilikuwa nimechoka kungoja.

Mama Skola alitoka kumwaga maji machafu. Alisimama na beseni mkononi.

"Shikamoo, mama," nikasema.

Alitazama kichwa, akatazama wembe.

"We Didasi. Habari imekuja lini?"

Hapo ndipo ningeweza kusema hakuna habari. Nimeyarudia maneno hayo mara nyingi tangu siku ile, na ni mepesi, hata mtoto wa darasa la kwanza angeyatamka. Nilinyamaza. Mama Skola akaangusha beseni, akaweka mikono kichwani, akaangua kilio cha kumlilia Evarist kwa jina, na kwa kuwa milango yote ilitazamana, kilio kilipita mstari wa kwanza, kikapita wa pili, na kabla damu haijakauka kidevuni kwangu uwanja wetu ulikuwa umejaa. Wanawake walitupa majembe nje ya ua. Wanaume walikuja na kuni begani. Mama alifika akikimbia kutoka kwenye maharage, kitambaa kimemvuka, akaniona. Alikaa chini palepale kwenye vumbi, akalia kama mtu aliyefunguliwa kamba.

Baba alipofika watu walimpisha. Alipita katikati yao, akasimama mbele yangu.

"Nani ameleta habari?"

"Hakuna, baba."

"Nani amekwambia uninyang'anye mwanangu?"

Nilitamani anipige, na nadhani alilijua hilo, ndiyo maana hakunipiga. Akawageukia watu, akasema kwa sauti ya kawaida, "Rudini kwenu. Hapa hakuna msiba. Ni mtoto amecheza na wembe."

Mzee mmoja wa ukoo wetu, aliyeheshimiana naye tangu Buganda, akamjibu taratibu. "Baba Evarist, watu wameshalia. Mkeo umemwona. Utamwambia afute machozi arudi kupalilia?"

Baba alimtazama mama, ambaye hakuinua uso. Akaingia ndani, akafunga mlango. Matanga yakafanyika nje ya nyumba yake, na yeye ndani, kama mgonjwa. Watu walilala uani, waliota moto, walileta ndizi na maharage, walimsifu Evarist kwa utani wake na mkono wake mzuri. Mama alilia miezi yote aliyokuwa amenyimwa. Siku ya kumaliza, wanawake walikuja na vipande vya sabuni walivyokuwa wameficha majumbani mwao, kipande cha huyu na kipande cha yule, vikayeyushwa pamoja kwenye bakuli. Mama alikaa kwenye kile kigoda cha Jumamosi, akavua kitambaa.

"Uliyeanza umalizie," aliniambia.

Nikaupitisha wembe kwenye mkanda, polepole, mpaka ukanong'ona. Nikaivuta ngozi ya kichwa cha mama kwa vidole vya kushoto, nikaulaza wembe, nikauacha uteleze. Nywele zake zilikuwa na mvi ambazo sikuzijua. Kila mara nilipotaka kuusukuma nilisikia kile kisauti cha Evarist kuhusu mamumunye. Sikumkata hata mahali pamoja. Nyuma ya mlango baba alikohoa, tukajua yuko macho na anasikia. Ndivyo nilivyojifunza kunyoa, nikiwa na makovu mabichi usoni mwangu mwenyewe.

Nilikwenda shule. Nilisoma, nikapata kazi, nikaoa. Baba hakuwahi kunigombeza, na hakuwahi tena kuniita kwa jina. Akinihitaji alimtuma dada yangu. Ndevu zake zilipata mvi, zikawa nyeupe kabisa, na watoto wa kijijini walidhani ni sheikh au mchungaji. Alipokufa niliitwa kuuandaa mwili. Nilikwenda na wembe uleule, uliobaki kwangu tangu matanga, nimeunoa moyoni njia nzima, nikiwaza kwamba angalau hili nitamfanyia vizuri. Nilipoinama, mama, ambaye alikuwa kikongwe tayari, akaweka kiganja chake kati ya wembe na shavu la mumewe.

"Mwache," alisema. "Alikwisha kusema nani atamnyoa."

Tukamzika na ndevu zake.

Siku hizi kijijini kuna pikipiki, na pale njia panda kijana mmoja ana saluni yenye umeme wa jua na mashine inayonguruma. Wajukuu wangu wanakaa kwenye kiti chake wakitazama simu, naye anawamaliza kabla wimbo haujaisha. Hakuna anayeshikilia pumzi. Mistari ya nyumba imevunjika, watu wengi wamerudi kwenye migomba yao ya zamani kama vile hakukutokea kitu, na wembe wangu wanaupiga picha. Mimi najinyoa nao kila Jumamosi, sijikati. Mkono umetulia kabisa. Hasira haijatulia, na nimeacha kuitafutia dawa.

Mwaka jana nilipita mjini, nikaona ofisi aliyokuwa akienda baba. Ina vigae sasa, na viti vya plastiki nje. Niliingia. Nikamwamkua binti aliyekuwa mezani kabla yeye hajaniamkia, akaaibika, akasema, "Shikamoo, babu, nikusaidie nini?" Nikamwambia nimekuja kuulizia kijana wetu aliyekwenda vitani, mzee wake alikuwa anamwulizia hapahapa. Alikuwa na adabu yule binti, wala hakunicheka. Alitazama mlango wa ndani, akaniashiria kiti.

"Babu, subiri kidogo hapo nje."

Nikamwambia hapana, mwanangu, kusubiri tulikwisha kusubiri.