Kichupa Mfukoni mwa Koti

Jumamosi moja ya mwezi wa sita, siku tuliyoanua matanga ya mume wangu hapa Bugene, nilipoteza samaki wake wote saba, na heshima yangu mbele ya ukoo mzima. Nasema mwenyewe, maana wengine wameshasema.

Samaki hao wekundu aliwafuga sebuleni kwenye tangi la kioo. Alipougua aliniambia, "Usiwaache wafe." Maji yao aliyachota bombani, akayaacha kwenye ndoo wazi siku mbili ili klorini itoke, kisha akatia matone ya kichupa fulani ya kuvunja dawa iliyobaki, maana alisema kuna dawa nyingine ya maji isiyotoka hata uyalaze wiki nzima. Tangu afe nilifanya vilevile.

Asubuhi hiyo ndoo zilikuwa zimejaa. Lakini kwetu mgeni akikuta maji yaliyolala wazi ndani atasema mwenye nyumba ni mvivu, basi nikayamwaga uani kutuliza vumbi, na kwa kuwa tangi lilikuwa limechafuka (wageni wangekaa wakilitazama) nikatoa maji zaidi ya nusu nikajaza ya bomba, mapya, yananuka dawa. Nikajiambia matone nitatia baadaye. Sikutia.

Wageni wameshakaa, mwinjilisti ameshaomba, nguo za marehemu zinagawanywa, ndipo nikawaona samaki wamepanda juu, wanahema midomo wazi. Mimi kwa akili yangu nikaona wanataka maji safi zaidi, nikawaongezea jagi zima la bomba! Mmoja akageuka tumbo juu. Hapo nikakumbuka kichupa: kimo kwenye koti la marehemu, alikozoea kukiweka nami nikawa nakirudisha humo, na koti lenyewe ndiyo kwanza anavalishwa mdogo wake, Deus, mbele ya watu wote, kama mrithi.

Nilimrukia. Sina neno jingine.

"Shemeji, vua koti!"

"Kuna nini?"

"Vua, nakwambia!" Na mikono yangu imo mifukoni mwake, ya nje, ya ndani.

"Yesu wangu," wifi yangu akasema, "hata koti anamnyima!"

"Mwacheni, ni uchungu," akajibu mama mmoja, na nyuma yake watu wakacheka chinichini.

Unaanzaje kusema unamvua mrithi kwa ajili ya samaki? Kichupa nilikipata, nikamimina chote (ningeweza kusema mkono ulitetemeka, lakini si kweli, nilidhani dawa nyingi itawahi). Haikuwahi.

Siku hizi simwagi maji yaliyolala, aje mgeni gani. Ila samaki sina.

Siku ile mama mkwe aliwachota wale waliokufa kwa chujio la chai, akaniwekea kwenye sahani. Nikaenda nao shambani, nikachimba chini ya mgomba. Deus akanifuata, amevaa shati tu.

"Wangapi, shemeji?"

"Wote."

Akachukua jembe mkononi mwangu, akafukia.